Tulipohamisha kikao kutoka barazani

Nasimamia njia ya miguu inayotunzwa na jumuiya yetu kaskazini mwa Pemba, ile inayopenya Msitu wa Ngezi, kwenye popo wa Pemba wasiopatikana kwengine duniani, hadi ufukwe wa Vumawimbi. Nimesoma kuwa njia ya Appalachian kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,500, hutunzwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Yetu mtu huimaliza kabla ya adhuhuri, ila kazi ni zile zile: maji, miti iliyoanguka, na watu.

Kikao chetu kilikuwa barazani, baada ya Isha, chini ya taa moja. Hapo ndipo kazi na posho zilipogawanywa. Kina mama waliobeba mbao za vivuko hawakuwapo, nami nikiwapelekea habari asubuhi nikidhani yatosha. Kijana wetu kiziwi, fundi wa mifereji kuliko sote, alikuja kila mara, lakini kwa mwanga ule hakuona midomo wala mikono ya watu. Akinitazama nampa ishara ya "kesho", na kesho yenyewe nampa nusu ya habari.

Kabla ya masika alinishika mkono, akanipeleka njia inaposhuka, akachora mchangani kwa kijiti: maji yamehama, mfereji wetu uko upande usio wake. Niliitikia kwa kichwa kama nimefahamu. Sikufahamu. Mvua ya Aprili ikachukua kivuko kizima, pamoja na mbao walizobeba kina mama kwa wiki tatu. Aibu niliyoiona siku ile ninayo mpaka leo.

Mwanzo nilikosea dawa: niliwaalika kina mama barazani usiku. Walikuja mara mbili, wakakaa nyuma kimya, wakaacha. Mmoja akanambia, "Saa hizo nina watoto wa kulaza, na pale si pahala petu."

Basi tukakihamisha kikao chenyewe. Sasa ni Jumamosi asubuhi, njiani, tunatembea. Penye tope tunasimama, na mwenye la kusema hugeukia jua, uso na mikono vionekane. Dada yake yule kijana alitufundisha alama za maji, hatari, kata, subiri. Nilipigania dada huyo alipwe posho kama fundi mwengine, maana ukalimani ni kazi.

Zogo kubwa lilikuwa la fedha. Kukata kwa panga kulilipwa, kubeba mbao kichwani kukaitwa "kusaidia". Mzee mmoja wa kamati alinambia, "Mwanangu, utatuvunjia heshima." Sikubishana naye. Nilifungua daftari nikasoma siku za kazi, jina kwa jina. Nilipomaliza akauliza, "Na mke wangu je? Si alibeba mwezi mzima?" Hakuwemo. Hakuwemo mwanamke hata mmoja. Mwezi uliofuata wote waliandikwa, na daftari sasa analishika mama mmoja ambaye hesabu zake hazijawahi kupishana hata shilingi.

Mfereji tumeuchimba pale alipochora kijana. Waliobaki nje ya kikao ni wavuvi wetu watatu, ambao Jumamosi ikiangukia bamvua, siku za maji makubwa ya bahari, huwa baharini. Tumekubaliana kuanzia mwezi ujao siku ya kikao tuipange kwa kufuata maji.