Bukari ya watu wa tanuru

Lubumbashi, Jumapili jioni

Wiki hii yote nimekuwa nikiiwazia sahani ya papa, baba yangu. Papa aliingia Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, akiwa kijana, akapigwa na joto la tanuru za shaba kwa miaka mingi, kisha 2003 akatoka pamoja na maelfu ya wenzake katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, ambao hiari yake kila mtu hapa anaijua ilivyokuwa. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa hajashika koleo. Asubuhi anakaa chini ya mwembe na redio yake, mchana anahamisha kiti kufuata kivuli. Papa amestaafu, bukari yake bado iko kazini.

Mama anaisonga bukari, yaani ugali, vile vile. Maji yakichemka anatia unga kidogo, anauacha uji utokote, ndipo anamimina uliobaki na kuukandamiza kwa mwiko mpaka mbabula, jiko la makaa, yenyewe inasogea. Analowesha kata, anachota, anazungusha hadi donge linapata mgongo laini, analilaza kwenye sahani, halafu juu yake analaza la pili. Ya papa ni mawili, tangu nikiwa mtoto. Pembeni kuna sombe, majani ya muhogo, vijiko vitatu, na ndakala, samaki wadogo wakavu, kama wamebaki.

Jiji hili lilianza 1910 kwa ajili ya shaba, na mwaka uliofuata tanuru zikawashwa. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya machimbo, ilitaka mikono yenye nguvu, na mikono hiyo ililishwa kwa posho: unga wa mahindi uliopimwa kwa kila mfanyakazi, baadaye hata kwa mke na watoto wake. Kampuni ilipochukuliwa na serikali 1967, ikaja kuitwa Gécamines, posho iliendelea. Muzee yeyote wa mitaa ya Katuba au Kenya hapa jijini atakusimulia siku ya posho, viloba mabegani, watoto wakikimbia nyuma. Unga ule alipewa mtu aliyekuwa akibeba madini tangu alfajiri. Jua likizama, mwili ulikuwa umeshauteketeza wote. Mimi binti yake nakaa kutwa nyuma ya kaunta ya kutuma pesa mjini, narudi nyumbani kwa teksi-basi, halafu nakula posho ya mtu wa tanuru.

Haya yote yameamshwa na yaya, ndugu yangu mkubwa. Parokiani walileta watu wa kupima damu baada ya misa, yaya akaenda kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Asubuhi ile hakuwa amekula kitu, na kipimo cha sukari kikaonyesha miligramu 112 kwa desilita ya damu. Muuguzi akamwambia huo bado si ugonjwa wa sukari, ila si mahali pa kukaa pia. Kuanzia 126 kabla ya kula, na ukirudia kupima ikabaki hapo, ndipo unaambiwa una kisukari. Yeye yuko mlangoni. Alirudi amenyamaza, akaniuliza kama mlango huo una njia ya kurudi nyuma.

Upo ushahidi kwamba inawezekana, na nilimsomea. Marekani walichukua watu zaidi ya 3,000 wenye sukari iliyopanda bila kufika kwenye ugonjwa, kama yeye, wakawagawa makundi. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini. Jingine liliambiwa lipunguze uzito kwa asilimia 7 na litembee au lifanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka 2002: waliobadilisha kula na kutembea walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, wa dawa kwa asilimia 31. Yaya alinifanya nirudie. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mama zetu walizimaliza wakienda shamba na kurudi, kabla hata ya kushika jembe.

Jinsi inavyofanya kazi nilimweleza hivi. Wanga wa bukari ukifika tumboni unageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini ili sukari hiyo iingie kwenye misuli. Mwili ukinenepa tumboni na kukaa tu, misuli inakuwa mizito kusikia, kongosho linalazimika kutoa zaidi na zaidi, mpaka siku linachoka. Lakini msuli unaotembea unachota sukari kwenye damu hata insulini ikiwa inasuasua. Ndiyo maana dakika chache za kutembea baada ya kula zina faida kuliko watu wanavyodhani.

Basi tukaamua nyumba nzima iingie, kwa sababu chakula kinapikwa katika sufuria moja na kumtenga yaya kungemfanya ajione mgonjwa. Ugumu ulikuwa kwa papa. Siku ya kwanza mama alimwekea donge moja, sombe ikajaa nusu ya sahani, na kibwabwa, majani ya maboga, cha karanga juu yake. Akaitazama, akaniita mimi binti yake «mama», kwa ile sauti ya zamani.

— Mama, hii bukari ni ya nani? Ya mutoto?

— Ni yako, papa.

— Basi mutoto atakula nini?

Alikula. Baada ya chakula akaomba kuongezewa, mama akamwongezea kibwabwa. Akaicheka hiyo nyongeza, lakini akaimaliza.

Kwake yeye, na kwa wengi wa rika lake, donge dogo ni dalili ya njaa nyumbani. Baba wa familia akikonda, majirani wanauliza ana nini, na kitambi kinasomwa kama mshahara. Mimi siamini kwamba darasa la lishe linaweza kubishana na hilo. Kinachosaidia ni sahani kuonekana imejaa, hata kama imejaa majani. Lengalenga, bilolo, kalembula, vyote tunavyo mitaani, na bei yake bado inavumilika. Mulini pia tumebadilisha kidogo: mahindi tunasaga pamoja na pumba zake. Unga unatoka si mweupe sana, mama analalamika kwamba unamwaibisha mbele ya wageni, lakini unashibisha mapema na sukari inapanda polepole zaidi. Kuongeza unga wa muhogo, kama wengi wanavyofanya ili bukari ivutike, hakusaidii. Muhogo ule ni wanga karibu mtupu.

Niseme pia kwamba haya ninayaandika nikiwa na pesa ya majani na samaki. Kuna nyumba mtaani kwetu, hasa unga unapopanda bei, ambako bukari ndiyo chakula chote na siku nyingine haitoshi. Mtu wa nyumba hiyo siwezi kumwambia apunguze.

Chai ya papa ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, sasa viwili, na vita bado inaendelea. Sukre, soda za chupa, tumeziondoa kwenye meza ya Jumapili bila mjadala, kwa sababu chupa ndogo moja inabeba gramu zipatazo 35 za sukari. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, umebaki, ila mama haongezi sukari tena. Wauzaji wa mizizi ya kumaliza sukari kwa wiki moja tumewapita. Bilolo tunaila kama mboga, si kama dawa, basi.

Kutembea ndiko kulikonichekesha. Jioni, jua likipoa, tunatoka watatu, papa, yaya na mimi, tunazunguka mtaa mpaka barabara kubwa na kurudi. Sikujua kwamba kutembea bila kwenda mahali ni jambo la kujieleza. Kila kizingiti wanauliza, «Munaenda wapi?» Ukijibu «tunatembea tu», wanakutazama kwa huruma, wakidhani gari la mtu limeharibika au kuna msiba mnauficha. Papa, ambaye hapendi kuonekana hana kazi, amepata dawa yake: kila jioni anatoka na kikapu kununua nyanya za franka 500. Sasa anajibu kwa sauti, «Sokoni!», na heshima inabaki. Anachagua nyanya kwa muda mrefu, anabishana bei na mama muuzaji ambaye zamani mumewe alikuwa naye tanuruni, wanaulizana nani amekufa na nani yuko Kolwezi. Nyanya za jana bado ziko jikoni. Mama anatishia kuanza kuziuza yeye mwenyewe.

Yaya anatembea mbele yetu, haraka, mikono ikipiga. Suruali ya kazini imeanza kumlegea kiunoni, ila hataki tuiseme kabla ya kupima tena mwezi ujao. Papa amekwisha kutoa masharti: namba ikishuka, anataka sukre moja baridi ya kusherehekea. Yaya amemwambia watagawana chupa. Papa amekataa kugawana.