Asilimia 95 ya orodha ya nani?

Hunter, Apollo, Snov.io, RocketReach: kila huduma ya kutafuta barua pepe za wateja inajinadi kwa usahihi wake, tuseme asilimia 95, lakini usahihi huo umepimwa kwenye orodha waliyoichagua wenyewe. Anayeuza samani za ofisi kwa hoteli za Area D na mashirika ya Kisasa hapa Dodoma apime kwa orodha yake.

Tafuta watu 100 ambao anwani zao una uhakika nazo, yaani wamekujibu ndani ya miezi mitatu. Kadi ulizokusanya Nanenane pale Nzuguni mwaka juzi usizitumie, maana watu huhama kazi. Kwenye Excel weka jina, kampuni na domeni (sehemu ya anwani baada ya @), kisha uzipakie kwenye kila huduma unayoipima. Safu ya nne, yenye anwani ya kweli, ibaki kwako. Ukiipakia umevujisha mtihani, na zipo huduma zinazojaza hazina yao kwa anwani za watumiaji.

Majibu yakirudi, hesabu vitu viwili: kila huduma imepata ngapi, na katika hizo ngapi ni sahihi. Tuseme huduma A kaleta 70, sahihi 49. Huduma B kaleta 40, sahihi 36. A ana sahihi nyingi zaidi, ndiyo, lakini kakubebesha mbovu 21, asilimia 30 ya alizoleta. B kakosea 4 tu. Barua zikidunda, yaani zikirudishwa bila kufika, kwa kiasi cha A, Gmail na Outlook wataanza kuishuku domeni yako, na hata ankara za wateja wa siku zote zitaangukia kwenye spamu. Wengi wa kazi hii hujiwekea kikomo cha asilimia 2 za kudunda, kwa hiyo hata B hatumiwi bila kuhakiki.

Kuhakiki nako kuna mtego wake. Mashine huitafuta seva ya barua ya domeni husika, huitajia anwani, husikiliza jibu, kisha huondoka bila kutuma chochote, kama mtu anayebisha hodi na kukimbia mlango ukifunguliwa. Jibu la 250 maana yake anwani inapokelewa, 550 kwa kawaida ni kwamba haipo. Ila kuna seva zinazoitikia "karibu" kwa jina lolote. Zijaribu kwa anwani ya ovyo kama xqz7789 kwenye domeni hiyohiyo: ikipata 250, basi ile 250 ya mteja wako haithibitishi kitu. Huduma nzuri huziwekea alama anwani hizo, nyingine huzihesabu kuwa sahihi, na hapo ndipo asilimia nyingi za matangazo hunenepa. Wewe zitenge kwenye safu yake. Jibu la 451 mara nyingi ni seva kusema "rudi baadaye", si kwamba anwani ni mbovu. Jaribu tena baada ya dakika 15 au zaidi.

Majina yetu pia huzipoteza huduma hizi. Mtu ana majina matatu. LinkedIn kaandika la kwanza na la baba, kazini anwani yake ina la kwanza na la ukoo. Mohamed huwa Mohammed au Muhamed, na aliyeolewa hubadili jina upande mmoja tu. Huduma inayokisia kwa mtindo wa jina, nukta, jina itakosea papo hapo.

Shule binafsi au hoteli inayotumia Gmail haina domeni ya kukisia. Piga simu mapokezi, uliza anayeshughulikia manunuzi. Kwa taasisi za go.tz usipoteze salio la huduma hizi: zabuni zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, tangu 2023, na anwani ya afisa haikupi kazi.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jina na anwani ya mtu vimo humo, kwa hiyo andika kila anwani umeitoa wapi, na anayesema asiandikiwe tena aondolewe siku hiyohiyo.

Kama bajeti inaruhusu huduma mbili, mtangulize B. Zile 60 alizoshindwa mpe A, na katika atakazoleta chukua tu zilizopata 250 kwenye domeni iliyoikataa xqz7789.