Nimempa mgongo Baba mkwe

Niko Mombo, narudi kutoka Moshi na tela tupu. Nimekula, nimelala kidogo, nimeamka. Wiki hii shemeji kajifungua mapacha, bosi kauza kile kichwa cha kijani (gari la mbele linalovuta tela), na mvua imekata njia ya kwetu Mabokweni, lakini kinachonizunguka akilini ni yale ya siku ya Jumanne pale yadi.

Baba mkwe mnamjua, yule wa maembe ya Muheza, aliyeendesha malori ya mkonge Korogwe mpaka goti likamkataa. Siku hiyo ya Jumanne alinisindikiza yadi ya Kange. Niliingia ofisini kufuatilia karatasi za mzigo, utingo kaenda kutafuta chai, na tela limejaa saruji, limesimama kwa miguu yake. Natoka, namkuta Baba keshapanda kwenye kichwa, anarudi nyuma taratibu, mstari umenyooka kama uzi. Chuma kikalia, taya za kichwa zikakaba, zile zinazoshika pini ya chini ya tela. Akavuta mbele kidogo kwa gia ndogo, breki za tela zimeshika, tela likagoma. Akashuka anatabasamu. Vijana wa yadi wote walikuwa wameacha kazi wanamtazama.

Nikatoa tochi, nikapiga magoti, nikaingia chini.

"Mwanangu, unatafuta nini huko?"

"Naangalia pini, Baba."

"Hukusikia ilivyolia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na nimeivuta, hukuona?"

"Nimeona."

"Haya. Angalia."

Akaenda kukaa juu ya tairi la akiba, akageukia upande wa barabara. Mimi niko chini ya gari, nimeinama, nimempa mgongo baba wa mke wangu mbele ya vijana ambao dakika moja kabla walikuwa wanamshangilia. Mke wangu Mwanaasha nilipomweleza alisema, "Ungengoja aondoke." Sasa angeondoka saa ngapi, na gari lenyewe linasubiriwa getini?

Nimeyarudia yale mazungumzo njia nzima, Korogwe, Same, Mwanga. Labda ningeanza kwa kumsifu. Labda ningemwambia, Baba, njoo tuangalie wote. Ila kuangalia ningeangalia tu, maana mlio haukuambii taya zimekaba wapi. Tela likiwa limenyanyuliwa mno, pini inaweza kupita juu ya taya badala ya kuingia katikati yake, na chuma kikalia vilevile. Ukivuta, wakati mwingine tela linagoma kama lililofungwa vizuri. Unaondoka, unafika kwenye matuta ya Muheza, watoto wa shule wanavuka, na tela lenye tani za saruji linaachana na kichwa.

Kwa hiyo namulika. Sahani ya tela ilale juu ya sahani ya kichwa, mwanga usipenye katikati. Taya ziwe zimeizunguka shingo ya pini. Mkono wa kufungulia uwe umerudi ndani wote, na klipu yake imekaa. Baada ya hapo ndiyo mipira ya upepo na waya wa taa, na hapo kwanza narudi kebini kuhakikisha breki ya mkono imevutwa. Ule mpira mwekundu ukiuchomeka, upepo unaingia kwenye tela na breki zake zinaweza kuachia. Kama breki ya kichwa haikufungwa, gari zima linaondoka na wewe umesimama katikati ya kichwa na tela. Miguu ya tela napandisha mwisho.

Jumanne kila kitu kilikuwa sawa. Hakuna hata kimoja cha kumwonyesha Baba, na hilo ndilo lililoniuma. Ningekuta kasoro angalau kupiga magoti kule kungekuwa na sababu machoni pake.

Basi jioni hii, sijamaliza hata wali, simu inaita. Baba. Nikaamkia, akaitikia, akauliza habari za njia, halafu akasema, "Ile Jumanne, uliona nini?"

Nikamweleza yote, moja baada ya jingine. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi matela yetu yalikuwa ya kukokota," akasema. "Pini unaidondosha kwa mkono wako, unaiona imesimama kwenye jicho la chuma. Hii yenu imejificha."

Akauliza tela linatakiwa lisimame kimo gani kabla kichwa hakijaingia. Nikamwambia, chini kidogo ya sahani ya kichwa, ili kichwa kikiingia kilinyanyue. Akauliza ukilikuta limepanda mno unafanyaje. Unashuka, nikamwambia, unazungusha handeli, unalishusha kwa miguu yake, ndipo unarudi nyuma. Tumeongea hivyo mpaka vocha yake ikaisha, nikampigia mimi, tukaendelea. Hakusema Jumanne nilimkosea wala sikumkosea. Alisema nikirudi yadi nimwite, na nije na tochi yenye mwanga mkali kuliko ile.

Nimefurahi jamani. Nimefurahi kweli kweli.

Ila Mwanaasha anasema mtoto wetu Mwinyi tangu jana hali chakula. Tumbo haliumi, homa hana, meno hayaumi. Anaisukuma sahani tu na kuomba maji. Nimemwambia ampeleke zahanati asubuhi bila kunisubiri, na sasa hivi simu yake haipatikani.