Isiolo hadi Loiyangalani, kwa barabara ya mapangaboi

Kwa zaidi ya miaka arobaini ya uhuru, lami ya kwenda kaskazini mwa Kenya iliishia Isiolo. Ukitaka kuendelea, ulipanda lori, ukakaa juu ya magunia au juu ya ng'ombe, na msafara ukasindikizwa na askari wenye bunduki. Sasa basi linateleza hadi Moyale, karibu kilomita 500, na mzee niliyeketi naye alikoroma tangu Archer's Post. Niliona raha kumtazama. Kusinzia ndani ya basi ni jambo ambalo watu wa huku wamelipata juzijuzi tu.

Nilishuka Laisamis, nikatafuta gari la kwenda Ziwa Turkana. Lilipatikana Landikruza kuukuu lenye abiria kupita kiasi, mitungi ya mafuta juu, na mbuzi wawili walionikanyaga njia nzima. Dereva, kijana wa Kirendille, alinisalimia, "Habari za Kenya?", kana kwamba tulipo si Kenya. Nikajibu nzuri, nikapanda.

Barabara ya changarawe kutoka Laisamis hadi Sarima ina urefu wa kilomita 208, na ina historia yake. Haikutengenezwa kwa ajili ya mama mjamzito wa Illaut, wala kwa ajili ya mfugaji anayepeleka mbuzi sokoni. Ilitengenezwa na kampuni ya umeme wa upepo, kwa sababu mitambo 365 ya mapangaboi ilikuwa inatoka bandari ya Mombasa na haikuwa na njia ya kufika. Wazee waliiomba barabara hiyo tangu wakiwa vijana wakaambiwa hakuna fedha. Mapangaboi yalipotaka kupita, njia ikapatikana.

"Sisi hatulalamiki," dereva aliniambia tukikata laga, mto mkavu wenye mchanga mzito. "Tunapita na sisi. Lakini tunajua nani alitengenezewa."

Watu wengi husema kaskazini imesahauliwa. Mimi sikubali neno hilo, maana anayesahau huweza kukumbushwa. Hapa palikuwa na uamuzi, tena ulioandikwa. Mkoloni alikuwa amelifunga eneo hili, mgeni haingii bila kibali. Uhuru ukaja, na mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10, ulioeleza kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Palipokuwa na kitu pakaongezewa. Laisamis haikuwa na mvua wala barabara, ikangoja. Hali ya hatari iliyotangazwa wakati wa vita vya Shifta, vita vya waliotaka eneo hili lijitenge na Kenya, nayo haikuondolewa hadi 1991. Hizo ni hesabu za watu waliokaa mezani, na mezani hapo hapakuwa na mfugaji.

South Horr tulipumzika chini ya miti, bondeni kati ya milima, mahali pazuri kiasi kwamba unaanza kumtilia shaka aliyeandika kwamba huku hakuna kitu. Baada ya hapo miti ikaisha. Mawe meusi ya volkano yakashika nchi nzima, na upepo ukaanza kulisukuma gari ubavuni.

Mitambo ya Sarima unaiona kwa mbali, safu baada ya safu, yote inazunguka. Uwezo wake ni megawati 310. Ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme, ambayo ilikuwa jukumu la serikali, ikachelewa hadi 2018, na walipa kodi wakabebeshwa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa upepo ambao haukuwasha hata taa moja. Sasa nyaya zinakwenda kilomita 428 hadi Suswa, kusini. Ardhi nayo ina kesi: mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 zilipatikana kinyume cha sheria.

Chini ya mitambo hiyo kuna manyatta. Mama mmoja alikuwa na kibanda na kipande cha sola juu ya paa, watu wanamlipa kuchaji simu. Nilimuuliza kuhusu umeme wa mitambo. Akaangalia juu, akacheka. "Huo ni wa Nairobi."

Nimesikia utetezi wa mafundi, na una ukweli: umeme wa msongo mkubwa haushushwi kijijini kwa waya na nguzo tu, lazima kujengwe kituo cha kuupoza, na kituo ni ghali. Sawa. Ila waliojua gharama ya kuupeleka Suswa wangeweza kuiweka na hii katika bajeti ileile.

Loiyangalani tulifika jua linazama, tukakaribishwa na chai kando ya chemchemi yenye mikoma. Mwalimu kijana alikaa nasi. Hakuanza na ukame wala na ziwa lililopanda likameza sehemu za vijiji vya jamii ya El Molo. Alianza na Ibara ya 204 ya Katiba ya 2010, Mfuko wa Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyotengwa. Mfuko ulipewa miaka 20. Sehemu kubwa ya muda huo imekwisha na fedha zimetoka kwa kuchelewa mno.

"Unakufa 2030," alisema. "Bunge linaweza kuuongezea muda, lakini lazima zaidi ya nusu ya wabunge wote wakubali, na Seneti vilevile."

Akaanza kuhesabu majimbo ya ubunge ya kaunti za kaskazini. Marsabit manne, Samburu matatu, Isiolo mawili, Turkana sita. Mandera, Wajir na Garissa sita sita. Jumla 33. Akaongeza wawakilishi wa wanawake saba, mmoja kwa kila kaunti, ikawa 40.

"Zinahitajika kura 175," akasema. "Wewe umetoka huko. Hao 135 tutawapata kwa nani?"