Nilivyoizoea Muscat na joto lake

Mimi ni fundi viyoyozi, kazi nimejifunzia Tanga, na Muscat nilifika mwezi Juni. Wanaoijua Oman wanajua Juni maana yake nini. Nilitoka nje ya uwanja wa ndege saa nane za usiku, na hewa ilikuwa ya moto, nzito kwa unyevu wa bahari. Kule Quriyat, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Muscat, Juni 2018 ilipita siku nzima, mchana na usiku, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Mimi niliyefanya kazi juu ya mapaa ya huku naamini kabisa.

Kampuni ilinipa kitanda Ruwi, mtaa mmoja wa Muscat, katika chumba cha Wahindi wawili wa Kerala, Mpakistani mmoja na mimi. Jioni ya kwanza nikafungua bomba la maji ya baridi nioge. Yakatoka maji ya kuunguza. Matangi yote yako juu ya paa na jua linayapika kutwa. Mmoja wa wale wa Kerala akanionyesha wanavyofanya wenyeji wa joto hili: hita ya bafuni mnaizima kuanzia Mei, halafu mnaoga kwa bomba la maji ya moto, kwa sababu tangi la hita liko ndani, kivulini, na maji yake yamepoa. Baridi inakuwa moto, moto inakuwa baridi. Nilielewa pale pale kwamba ratiba niliyotoka nayo nyumbani haitanifaa huku.

Na kweli mchana wa Muscat ulinitia unyonge. Tanga, jua likiwa kali namna gani, saa saba utakuta watu barazani, muuza kahawa anagonga vikombe, bodaboda wanabishana mpira chini ya mwarobaini. Ruwi saa saba maduka mengi yanashusha milango hadi saa kumi. Unatembea mtaa mzima humkuti mtu wa kumwambia habari za saa hizi. Magari yanapita vioo vimefungwa. Wiki za mwanzo nilikaa chumbani nikitazama simu, nikahesabu huu ni mji usio na watu.

Kazini nako ilikuwa hivyo hivyo. Vifaa vingi vya viyoyozi viko juu ya paa, na spana ukiisahau juani huishiki tena bila glavu. Presha ya gesi unayoisoma kwenye geji saa nane mchana hailingani na ya alfajiri, kwa hiyo fundi asiyejua anaweza kudhani mashine imejazwa kupita kiasi. Sheria ya huku, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, inakataza kazi za nje juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu. Ni sheria nzuri, na anayekuja kufanya kazi za nje aijue kabla hajapanda ndege, asije akasukumwa paani saa saba na msimamizi mwenye haraka.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa mtaa wa Al Khuwair. Nilikuwa paani kwake naongea na mama kwenye simu, nikasikia sauti kutoka uani: "We kijana! Mtu wa wapi wewe?" Kiswahili cha Unguja, kimenyooka kuliko changu. Nikashuka. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Pita ndani, utakufa na jua hilo."

Kumbe amezaliwa Unguja. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka kule, na wengi walikuja huku Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, nchi ikihitaji watu waliosoma. Nilikuwa nimesoma hayo shuleni juujuu. Kukaa mkekani na mtu aliyeyapitia, akikuuliza embe za Tanga bado zinafika sokoni Darajani, ni jambo jingine kabisa. Wajukuu zake wakamjibu kwa Kiarabu, yeye akawasemesha Kiswahili, na ikaenda hivyo mpaka mwisho.

Akaletewa dele, birika la kahawa. Kwanza tende, halafu kahawa kidogo tu kikombeni, na kila nikimaliza mjukuu anamimina tena. Bibi akanishika mkono, akakitikisa kikombe kushoto na kulia mara mbili. "Usipokitikisa atakumiminia mpaka Isha." Kisha akaniambia nilichohitaji kusikia: mchana lala, watu utawakuta usiku.

Nikabadilisha siku yangu. Alfajiri kazini, adhuhuri nikirudi nakula na kulala kama mtu mwenye haki ya kulala, magharibi natoka. Nikaenda Mutrah ufukweni baada ya Isha, nikakuta familia nzima zinatembea, watoto wanakimbia saa tano usiku, wazee wamekaa wakisalimiana salamu ndefu za kuulizana kila kitu kama za kwetu. Mji ulikuwa na watu muda wote. Ijumaa alasiri nikaanza kwenda na wale wa Kerala kwenye kiwanja cha vumbi wanachochezea kriketi, mchezo ambao mpaka leo sijauelewa vizuri lakini nawapigia makofi.

Pesa ilinichukua muda mfupi zaidi: rial moja ina baisa 1,000 na ina thamani ya dola 2.60, kwa hiyo ukiambiwa baisa mia tano usione ni ndogo.

Kwa fundi anayeitwa huku, ukipewa nafasi ya kuchagua, omba uingie Oktoba au Novemba. Utapata miezi ya kuujua mji na kazi kabla Mei haijafika, na hita utakuwa unajua ya kuizima lini.