Nilivyozirudisha kazini chaja za foklifti bila kununua mpya

Katika ghala la unga ninakofanya kazi, kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, foklifti zinaendeshwa kwa betri za risasi na asidi za volti 48, na kila betri ina chaja yake iliyofungwa ukutani. Malalamiko ya madereva yalikuwa ya aina moja: alfajiri taa ya kijani inawaka kuonyesha kwamba betri imejaa, lakini ikifika saa sita mchana foklifti haina tena nguvu ya kunyanyua mzigo. Msimamizi wa zamu alikuwa ameshaandika ombi la kununua chaja nyingine. “Fundi, hiyo imeshakufa, usijisumbue,” aliniambia. Nilimwomba aniache nipime kwanza, kwa sababu chaja hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

Nilianza na betri yenyewe. Ina seli 24, yaani vyumba vidogo vinavyounda betri, na seli iliyojaa inapaswa kusoma karibu 1.280 kwenye haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi. Zote zilisoma chini ya hapo, tena kwa kiasi kinacholingana. Laiti ingekuwa seli moja tu iliyobaki nyuma, ningeishuku betri. Zilipokuwa chini zote kwa pamoja, nilijua kwamba hazikuwa zikipata chaji ya kutosha.

Niliwasha chaja, nikasubiri ampea zipande, kisha nikapima volti sehemu mbili: mahali nyaya zinapotokea kwenye chaja, na kwenye vichwa vya betri. Tofauti ilizidi volti moja, na yote ilikuwa ikipotelea kwenye plagi kubwa ya kuunganishia. Kwa ampea 80, volti moja iliyopotea ni wati 80 za joto, na plagi ilikuwa na ushahidi wake: plastiki imegeuka rangi ya kahawia upande mmoja, shaba ndani imeota ukoko wa kijani, na springi ya kubana imelegea. Chaja hizi hupunguza mkondo pale kila seli inapofikia takriban volti 2.4, yaani 57.6 kwa betri nzima, lakini huzipima volti hizo upande wake. Kwa hiyo ilisoma 57.6 wakati betri ikiwa bado kwenye 56 na kitu, ikapunguza mkondo mapema, ikawasha taa ya kijani. Nilibadilisha vipande vya shaba vya pande zote mbili, wa chaja na wa foklifti, kwa maana kipande kibovu huunguza kizima kinachokutana nacho. Kuvisugua kwa msasa kungeondoa tu utando wa fedha unaovilinda.

Chaja ya pili ilikuwa mbovu kweli. Ilinguruma kwa sauti nzito kuliko nyingine na ilitoa karibu nusu ya ampea zake. Nilizima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, nikachomoa betri, kisha nikatoa chaji iliyobaki kwenye kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, ambayo katika chaja za aina hii hufikia mamia ya volti. Kisha nikapima dayodi zake. Dayodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu, na mita husoma karibu volti 0.5; moja kati ya hizo haikupitisha upande wowote. Bamba la alumini linalopaswa kuipoza lilikuwa limefunikwa na vumbi la unga lililogandishwa na unyevu. Nilifunga dayodi nyingine yenye uwezo uleule wa ampea na volti, nikaipaka grisi ya kupitishia joto.

Tangu hapo chaja hupulizwa kwa hewa kavu kila wiki, na plagi hukaguliwa joto zikiwa kazini. Ubishi mkubwa na madereva umekuwa juu ya maji: yaliyosafishwa tu, nayo huongezwa baada ya kuchaji, kwani yakijazwa kabla hupanda na kumwaga asidi, isipokuwa pale sahani za risasi ndani ya seli zinapoonekana kuwa wazi. Pia hawachomoi tena plagi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzimia, kwa sababu haidrojeni, gesi inayotoka kwenye betri zinapochajiwa, ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua chumba. Ndiyo maana milango huachwa wazi.

Jumapili, ghala likiwa limefungwa, tunazipa betri chaji ya kusawazisha seli. Betri moja bado ina seli inayosoma 1.210 hata baada ya hapo. Hiyo ni kazi ya kubadilisha seli, na chaja yake nimeiacha kama ilivyo.