Karavani ya kwenda kuhesabiwa

Kama wewe ni Mchaga au umeoa uchagani basi shughuli ya desemba, ya ukoo mzima kurudi nyumbani kuhesabiwa, unaijua. Nyumba ya mzee iko Marangu, ina vyumba vitatu tu, na ikishafika tarehe 23 ndugu wanaanza kushuka kutoka Dar, Dodoma, Mwanza, kila mtu na wanawe, magodoro yanatandikwa mpaka koridoni, halafu sisi wa Arusha kwa sababu tuko karibu hatuhesabiki kuwa wageni, kwahiyo kila mwaka ilikuwa ama tulale kwenye gari ama tushuke gesti Himo saa tano usiku na watoto wamesinzia. Mke wangu sio wa huku, ni wa Singida, alivumilia weee mwaka mmoja akasema mwakani sipandi huko kama sina kitanda changu.

Sasa mwaka huohuo kuna mzungu mmoja mzee Usa River alikuwa anauza vitu arudi kwao, mimi nimeenda kuangalia jenereta, nyuma ya banda la kuku nikaona karavani, kile kijumba cha magurudumu cha kulala kinachovutwa na gari. Sprite, ya Kiingereza, ya miaka ya 1970, imefunikwa na mpesheni mpaka dirisha moja halionekani. Jenereta nikaisahau palepale.

Kuileta kwangu Moshono, hapa Arusha, ilikuwa sinema maana ubavuni imeandikwa Sprite kubwa kabisa, jioni ile ile madogo wa mtaani wakajipanga getini na hela mkononi wanataka soda ya baridi. Na kuanzia siku hiyo kila aliyepita pale alikuwa na kitu cha kuongeza. Jirani yangu seremala akasema kabati zote tupige mninga. Shemeji yangu, chalii mdogo wa mke wangu, akataka tv ya nchi 43 na sabufa. Mwingine akasema weka simtanki nyuma la lita mia mbili mtaoga mpaka mchoke. Hamna hata mmoja aliyesema punguza kitu, aisee hata mmoja, na ukiangalia karavani ile inavutwa na gari na mlima wa Marangu unaujua ulivyo.

Nikamtafuta fundi mtaa wa Unga Limited, mzee mmoja wa bodi za magari ya watalii, wale wanaokata Land Cruiser katikati wanairefusha na kuiwekea paa la kunyanyuka. Hao watu vumbi na mvua ndo maisha yao, wakikosea raba moja ya dirisha mtalii anafika Serengeti mweupe kichwa kizima. Alivyokuja hakuangalia mlango wala matairi, aliingia ndani akaanza kubonyeza ukuta na dole gumba, kuanzia chini anapanda juu, bonyeza, sogea, bonyeza, sogea, kimya kabisa. Chini ya dirisha la mbele dole likazama.

"Bosi, hapa hamna ukuta. Hapa pana uji."

Akachana ile plaiwudi nyembamba ya ndani kwa kisu na kweli, mbao za fremu ukizishika zinakatika kama mkate uliolowa. Ndo nikajifunza hizi karavani za zamani zimejengwaje, nje ni bati jepesi la aluminiamu, ndani plaiwudi ya milimita tatu, katikati fremu ya mbao nyembamba na ile povu nyeupe wanayofungia tv mpya, basi. Ubavu mzima ni huo. Na maji hayakuwa yanaingilia pale dirishani hata kidogo, yalikuwa yanaingilia juu kabisa kwenye kona ambapo bati la paa linakutana na la mbele, pale pana ukanda wa aluminiamu umefungwa na skrubu, ile lami laini iliyowekwa chini yake ikizeeka inakauka, skrubu zinashika kutu, tone linapita kwenye tundu la skrubu linateremka ndani kwa ndani na fremu mpaka likute dirisha. Unahangaika na dirisha miaka kumi na dirisha halina kosa.

Aliyekuwa nayo nyuma alikuwa ameshindilia silikoni juu ya kila kitu. Fundi alichukia silikoni ile nadhani kuliko kuoza kwenyewe, maana ikishapakwa hamna kingine kinachoshika juu yake, lazima uikwangue yote, na tuliikwangua yote, na wembe na tambara la mafuta ya taa, siku mbele siku nyuma. Tukang'oa kanda zote, tukakata mbao zilizooza tukaunga mpya za paini mbili kwa mbili tulizozichana nusu, tukaweka utepe mpya wa ile lami ya butaili inayobaki laini haikauki, skrubu mpya zisizoshika kutu, halafu ndo tukarudishia. Ilikula karibu hela yote ya mradi na ukiingia ndani hauoni kitu kimebadilika. Shemeji alikuja kuangalia akauliza sasa mmefanya nini.

Mninga nilikataa. Jirani alinuna kidogo lakini fundi akamwelewesha, mninga ni mbao ya kukaa nyumbani, hii inatembea. Kabati tukatengeneza kwa paini na plaiwudi nyembamba, milango mingine hatukuweka kabisa, mke wangu akashona mapazia ya kitenge yakawa ndo milango. Yeye ndo alikuwa na wazo ambalo mpaka leo nasema ndo bora kuliko yote. Karavani hizi mbele zina makochi mawili na meza katikati, usiku unashusha meza unapanga mito inakuwa kitanda, asubuhi unarudisha tena. Mke wangu akaangalia mara moja akasema nani atakuwa anafanya hiyo kazi kila siku, wewe? Makochi yakang'olewa, tukapiga kitanda cha kudumu na droo chini, godoro tukakatiwa kwa kipimo pale soko la Kilombero hapa hapa Arusha. Chai tutanywea nje, akasema, kwani tunaenda Marangu kukaa ndani?

Simtanki la lita mia mbili sasa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hapo umeweka kilo mia mbili kwenye kitu ambacho chenyewe hakifiki tani, halafu umeiweka nyuma kabisa ya ekseli. Uzito ukizidi nyuma ile ncha ya mbele inanyanyua tako la gari, na hapo ukifika mwendo trela inaanza kuyumba kushoto kulia, inajiongeza yenyewe mpaka inakutoa barabarani. Tukaweka ndoo mbili za lita ishirini, juu ya ekseli hasa, na pampu ndogo ya volti 12. Halafu tukaazima mzani wa kupandia wa jirani nesi, tukasimamisha kipande cha mbao juu yake chini ya ile ncha ya kuvutia, tukasoma. Inatakiwa mbele ibebe kama asilimia tano mpaka saba ya uzito wote, kwetu ilikuwa kilo hamsini hivi. Tulihamisha jeki, mtungi, sufuria, huku na huku mpaka mzani ukasema sawa. Watoto walifurahia zoezi hilo kuliko safari yenyewe.

Umeme ulikuwa mrahisi kuliko nilivyoogopa. Vitu vya Uingereza soketi zake ni hizi hizi zetu za pini tatu bapa na umeme ni huu huu, laiti ingekuwa ya Kimarekani ya volti 120 ningelia. Paneli moja ya wati 100 tuliilaza juu ya paa, kuna kijana aliniambia weka stendi uiinamishe, nikamwambia huko Ulaya ndo wanainamisha, sisi jua linatupita utosini, ilaze tu, iinuke vidole viwili upande mmoja mvua iondoe vumbi. Betri tukanunua ya sola yenyewe, sio ile N70 ya gari, maana betri ya gari imetengenezwa kutoa moto mkubwa mara moja wa kupiga stata, ukiinyonya usiku kucha kila siku haimalizi msimu. Fyuzi karibu kabisa na betri. Taa za LED, chaji ya simu, pampu. Tv hapana. Shemeji akaleta kaspika kadogo ka blututhi, nikakubali, kana uzito gani.

Ila shemeji huyohuyo nusura tugombane. Jioni moja narudi kazini namkuta amelala chini ya karavani anashindilia povu la godoro kwenye matundu ya sakafuni, ananiambia shem nimekuzibia, vumbi na panya walikuwa wanaingilia huku. Yale matundu yako pale karibu na jiko kwa makusudi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi dirishani, inatambaa chini, inajaa sakafuni kimya kimya kuanzia kwenye nyayo, na sisi watoto wangelala chini. Tundu lile ndo njia yake ya kutoka. Nikayazibua yote siku ileile kwa tochi, tukafungia wavu wa chuma mdogo kwa skrubu, panya haingii na gesi inatoka. Vumbi fundi akatupa dawa nyingine kabisa, mkiwa kwenye rafu rodi fungeni madirisha yote halafu lile tundu la paa mlifungue kidogo upande wa mbele, hewa inaingilia juu inajaza ndani, vumbi la chini linakosa pa kupenya. Sikuamini mpaka tulipojaribu njia ya kule Kisongo.

Basi tarehe 22 tukatoka, Prado ya kaka inavuta, mimi naendesha pole pole kuliko kila mtu barabarani. Ukishapita Kikatiti kwenda KIA pale ni wazi kabisa, upepo wa ubavu, mabasi yanakupita yanakuvuta upande wao, nikawa naangalia kioo zaidi ya barabara lakini karavani ilinyooka tu nyuma yangu, haikuyumba. Boma Ng'ombe trafiki akatusimamisha, akaangalia rifrekta, akaangalia taa, akaomba aingie ndani aone, akakaa kitandani. Akauliza hii inauzwaje.

Kazi ilikuwa mwisho wa safari. Njia ya kuingia kwetu ni nyembamba, ua wa masale huku na huku, na lazima uingie kinyumenyume. Karavani ya zamani breki yake inajishika yenyewe, gari likipunguza mwendo trela inalisukuma kwa mbele na msukumo huo ndo unakamata breki, sasa ukirudi nyuma nayo inadhani unafunga breki, inakamata. Kuna kikomeo pale mbele lazima mtu ashuke akigeuze kwa mkono ndo inakubali kurudi. Shemeji ndo alikuwa mtu wa kikomeo, ukoo mzima umesimama kwenye migomba unatoa maelekezo, kata kulia, kata kushoto, wewe kulia ya nani, mama anapiga kelele kahawa yangu jamani.

Ikaingia. Ila kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, ni mteremko, na friji lake la gesi halikubali mteremko. Halina mota lile, kuna kimoto kidogo nyuma kinachemsha amonia na maji kwenye mabomba, amonia inapanda, inapoa, inateremka yenyewe, na ikifika kwenye mabomba ya ndani inageuka mvuke tena na hapo ndo inanyonya joto la ndani ya friji, sasa kwa sababu inateremka kwa uzito wake tu, ukipaki kiupande inatuama na friji halipoi hata uliwashe wiki. Tukawa na jeki, vipande vya mbao, mawe, na pimamaji juu ya sakafu ya friji, mzee wangu amekaa kwenye kigoda chake anaangalia. Nikamwita aone kimoto kwenye kile kioo kidogo.

"Huo moto ndo unagandisha?"

"Ndiyo baba."

"Mmmh." Akarudi kukaa.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kugonga mlango. Hakusalimia, alifungua friji akaweka kiganja kwenye nyama ya mbuzi tuliyoihifadhi, akakiacha pale muda. Halafu akatoka, na kufika saa nne kila mgeni aliyekuja kusalimia alikuwa analetwa kwenye karavani kuonyeshwa moto unaogandisha, mzee mwenyewe anaeleza, amonia anaiita dawa. Na usiku wa krismasi mvua ilinyesha ile yenyewe ya mlimani, mimi nimelala nasikiliza ile kona ya mbele, napapasa ukuta gizani. Mkavu. Mke wangu alikuwa anakoroma tangu saa tatu.

Siku ya kurudi ndo mambo yalinoga. Nimetoka kuaga majirani narudi nakuta mashangazi wameshapakia, mikungu ya ndizi, parachichi gunia, magimbi, ndoo ya maziwa ya mgando, yote imesukumwa nyuma kabisa chini ya dirisha la mkiani, na ncha ya mbele imeshaanza kunyanyuka na kale kagurudumu kake kanaelea. Nikaanza kutoa mkungu mmoja mmoja. Shangazi mkubwa akanishika mkono.

"Unakataa ndizi za nyumbani?"

"Sikatai shangazi, nazisogeza mbele tu. Juu ya matairi."

"Kitandani kwa mkeo?"

Nikamwangalia mke wangu. Akasema weka tu, ila zile za kuiva ziwe upande wako.